Tumesoma au Tumetamka?

Hebu tuulizane bila kuoneana haya. Ulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiingereza akasema simama usome, ukasimama, ukatiririka ukurasa mzima, ukaketi huku darasa zima likikuonea wivu. Je, ulisoma?

Mimi nilikuwa bingwa wa mambo hayo. Siku moja jirani yangu wa dawati akaninong'oneza: "Sasa huyo jamaa kafa au kapona?" Sikujua. Nilikuwa nimetamka kila neno, na ndani ya maneno hayo mtu alikuwa akipigania roho yake, mimi sina habari! Mwalimu akasema vizuri sana, nami nikapokea sifa. Je, ule haukuwa uongo? Na kama ulikuwa uongo, nani alidanganya: mimi, mwalimu, au sote wawili?

Utasema, maadili yanaingiaje kwenye kipindi cha dakika 40? Yanaingia, bwana. Katika shule zetu za msingi za serikali mtoto husomeshwa kwa Kiswahili. Akivuka tu kwenda sekondari, baiolojia na masomo mengine mengi yanageuka ung'eng'e. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliandika kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania hakitoshi kusomea masomo hayo. Basi kijana afanyeje? Anaficha. Anakariri, anadesa, anatamka. Asiyeweza hata kutamka anachekwa, na aliyechekwa mara mbili hanyooshi mkono tena. Tunasema kuuliza si ujinga, lakini darasani anayeuliza ndiye anayezomewa.

Ndiyo maana siwakubali wanaosema kuchangamsha kipindi cha kusoma ni kupoteza muda. Chukua Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, ambacho wengi wetu tulikipitia. Jina lake tu linatosha kuwasha moto. Kabla ya kukifungua, mwalimu aulize: mwanamke akishika usukani wa basi, abiria watasemaje? Konda je? Wabishane dakika tano, hata kwa Kiswahili. Kisha wasome kimyakimya, wawili wawili, waone nani kakisia sawa. Sasa wana kitu wanachokitafuta. Au hadithi fupi ikatwe vipande sita, kila kundi livipange upya. Huwezi kupanga usichokielewa. Au wagawane sauti, huyu konda, yule abiria mkorofi, waigize. Hapo hata mwenye matamshi mabovu anachekesha kwa kupenda kwake, hachekwi. Gharama yake ni karatasi na mkasi.

Wapo watakaong'aka: "Mkiruhusu Kiswahili, hicho Kiingereza watakijua lini?" Hoja ina uzito. Lugha haijulikani bila kutumiwa, na ubishi ukinoga kengele italia kitabu hakijafunguliwa. Mwalimu lazima ajue pa kukata. Lakini Kiswahili hapo ni ngazi, na ngazi haizuii mtu kufika juu. Ukiiondoa, wachache watapanda kwa kuparamia ukuta, wengine watabaki chini wakijidai wameshafika. Kipi ni haki?

Naona kumfanya mtu aelewe anachosoma ni kumheshimu. Kumsifu kwa kutamka tu ni kumdharau kwa upole, maana umeshaamua moyoni kwamba maana si yake.

Nasi tunaotaka kuandika, jambo hili linatuhusu. Wewe unakesha na daftari lako, unafuta, unaandika upya. Kesho mtu asimame mbele za watu, asome kazi yako bila kukwama hata mara moja, apigiwe makofi, halafu asijue kama jamaa yako kafa au kapona. Utafurahi?