Mwili na Mafundisho ya Faraghani

Jambo hili si jepesi kulisoma mezani mbele ya watoto. Hata hivyo wazazi wenye vijana hawana budi kulijua. Wako watu, hasa katika Ulaya na Marekani, wafundishao kwamba tendo la ndoa, likifanywa kwa nia na kanuni fulani za siri, humpatia mtu nguvu za roho. Fundisho hilo si la jana. Paschal Beverly Randolph, Mmarekani mwenye damu ya Kiafrika aliyefariki mwaka 1875, alilieneza kwa ajili ya mume na mke wapendanao. Mwingereza Aleister Crowley hakuujali mpaka huo: mwaka 1920 alifungua nyumba ya ibada zake huko Cefalù, kisiwani Sisilia, na serikali ya Italia ikamfukuza mwaka 1923. Wafuasi wa Wicca, dini iliyotangazwa Uingereza na Gerald Gardner miaka ya 1950, wengi wao hutimiza ibada ya namna hiyo kwa mfano tu, kwa kutia kisu ndani ya kikombe.

Mkristo atajibu upesi kwamba huo ni uchafu. Jibu hilo laonekana kuwa la haraka mno, tena si la Kikatoliki. Wimbo Ulio Bora umo ndani ya Biblia yetu, na Sakramenti ya Ndoa hukamilishwa kitandani, si altareni. Basi asemaye kwamba mapenzi ya mwili yana neno na Mungu, hapo hajakosa. Kosa tulitafute mahali pengine.

Na tukilitafuta tutaona haya, kwa maana lilikuwamo nyumbani mwetu. Padre Thomas Philippe, Mdominiko wa Ufaransa, aliwatumia vibaya wanawake waliomwendea kwa uongozi wa roho, akiwaambia kwamba ni neema ya siri iwahusuyo Yesu na Maria. Roma ilimhukumu mwaka 1956. Mwanafunzi wake Jean Vanier alianzisha L'Arche mwaka 1964, nyumba ambamo watu wenye ulemavu wa akili huishi kindugu na wenzao. Dunia ikamsifu, nasi mapadre tukamtaja katika mahubiri. Alifariki mwaka 2019. Uchunguzi ulioagizwa na L'Arche yenyewe ulionyesha mwaka 2020, kisha kwa marefu mwaka 2023, kwamba alilishika fundisho lile lile, na kwamba wanawake wasiopungua 25 walipatwa na mambo hayo.

Mtu atauliza: je, watu wazima wakikubaliana kwa hiari? Ndiyo, lakini hiari ya nani, na mbele ya nani? Ndoa hutangazwa kanisani, ina mashahidi wawili, na kijiji kizima chajua mzigo ukianguka utamwangukia nani. Mafundisho ya faraghani huanza na neno hili: usimwambie mtu, hawataelewa. Huyo mwanamke hamjibu mwanamume, adhani anamjibu Mungu. Na nani athubutu kumkatalia Mungu? Mwalimu peke yake ndiye ashikaye ufunguo, naye ndiye apataye faida.

Baadhi ya wanawake wale walinyamaza miaka mingi kabla ya kuthubutu kusema.