Kaka Aliyelala

Jumanne, Februari 27

Soma Yohana 11:17-27. Martha alimlalamikia Yesu juu ya jambo gani? Yesu alimpokeaje?

Martha hakuficha lililokuwa moyoni. Aliwaacha waombolezaji nyumbani, akamfuata Bwana njiani, akamwambia wazi kwamba kama angekuwapo, kifo kisingetokea. Yesu hakumkemea. Biblia haisemi kama Lazaro alikuwa mkubwa au mdogo kwa dada zake, lakini aliyefiwa na kaka atamwelewa Martha. Kaka ndiye aliyeuza magunia ya mahindi ili wadogo zake wapate ada. Ndiye aliyesimama mahali pa baba. Asipokuwapo, hata jambo dogo la nyumbani hukosa wa kuliamua.

Mjini Songea tarehe ya leo haipiti hivihivi. Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi na wapiganaji wa Kingoni walioshiriki Vita vya Majimaji. Wengi wao wamelala katika kaburi moja la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, ana kaburi lake peke yake, na wazee husimulia kwamba kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu wa ukoo huo na kuomba msamaha. Kichwa bado wanakisubiri.

Soma 1 Samweli 31:8-13 na 2 Samweli 1:17-27. Watu wa Yabesh-Gileadi walifanya nini, na Daudi alifanya nini?

Sauli naye alikatwa kichwa na adui. Mashujaa wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha ili mwili wake na miili ya wanawe isiendelee kutundikwa ukutani. Basi hamu ya kumzika mpendwa kwa heshima si upagani. Daudi alilia, akafunga mpaka jioni, akatunga maombolezo na kuagiza wana wa Yuda wafundishwe. Ndani yake alimwita Yonathani ndugu, ingawa hawakuzaliwa tumbo moja.

Lakini ipo tofauti kubwa kati ya wafalme hawa wawili. Sauli, alipobanwa, alikwenda Endori usiku kutafuta neno kutoka kwa aliyekufa (1 Samweli 28). Daudi hakumwendea Yonathani kaburini. Alipotaka kumtendea mema kwa ajili ya pendo lao, aliuliza nani amebaki katika nyumba ile. Akaambiwa yuko kijana mlemavu wa miguu, Lo-debari. Akamleta, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake (2 Samweli 9).

Hapa ndipo penye ugumu kwa Mwadventista wa Ungoni. Siku ya kumaliza msiba wazee humwita mdogo wa marehemu: amimine pombe kaburini, azungumze na kaka yake, mahoka wasije wakakasirika. Akikataa, huonekana hakumpenda. Mhubiri 9:5, 6 inaeleza kwa nini anakataa: aliyelala hajui lolote, hana njaa wala hasira. Fungu ni la kweli. Ila mara nyingi husomwa upesi mno, tena na mtu aliyefika msibani akiwa amechelewa na kuondoka mapema, na ukoo hausikii ndani yake ila dharau. Ni afadhali wamwone kwanza ameshika jembe kaburini, amebeba maji, amelala matangani usiku wa baridi, kisha asikike akisema kwa upole kwamba hatatambika. Na Januari ikifika, wamwone amempeleka mtoto wa marehemu shuleni.

Martha alihofia harufu, maana siku ya nne ilikuwa imefika. Yesu hakuuliza mwili umebaki kiasi gani. Alimwita Lazaro kwa jina, naye akatoka (Yohana 11:39-44). Kwake, aliyelala bila kichwa kwa zaidi ya miaka 100 hayuko mbali kuliko aliyezikwa jana.

Soma 1 Wathesalonike 4:13-18. Je, Paulo anakataza kuomboleza, au aina fulani ya kuomboleza? Eleza.

Katika ukoo wako, nani anakaa Lo-debari tangu kaka alipolala, na ni lini mara ya mwisho alipotembelewa?