Haifai Ghali: Inafaa au Haifai?

Tuanze na jina, maana jina lenyewe ni fumbo. Wazungu wana maneno mawili yenye maana ya "uaminifu wa hali ya juu". Wakayakata, wakapata neno fupi la kuitia mitambo ya muziki inayotoa sauti safi. Neno hilo likifika kwenye ndimi zetu linakuwa "haifai". Kwa hiyo ukimsikia mshikaji wa mjini anajigamba, "Mimi geto kwangu nina haifai, bwana," usicheke. Anakuambia kwamba mtambo wake ni mwaminifu. Ila Kiswahili kimeshamjibu kabla hajaulizwa.

Swali letu ni hili: mtu akitoa fedha nyingi mno, fedha za kujengea nyumba, kwa ajili ya kusikilizia muziki tu, amefanya jambo la maana au amepumbazwa? Sizungumzii redio kaseti ya mezani. Nazungumzia vitu kama hedifoni ambazo kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilizitangaza mwaka 2015 kwa bei ya takriban euro 50,000, pamoja na ampli yake yenye kitako cha marumaru iliyochimbwa Carrara, Italia. Hedifoni, ndugu msomaji! Kitu cha kuvaa kichwani, anasikiliza mtu mmoja.

Wengi wetu tutajibu harakaharaka: huo ni wendawazimu, watu wanalala njaa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni jepesi mno. Kwa hesabu hiyo hata wewe uliyenunua diwani ya mashairi wiki iliyopita una kosa, kwani bei yake ingenunua unga wa jirani. Ukishakubali kwamba muziki na mashairi yana haki ya kugharimiwa, huwezi kumhukumu mwenzako kwa sababu tu amegharimia zaidi yako. Lazima utafute kipimo kingine. Mimi naona kipimo hicho kimo ndani ya jina lilelile. Kama mtambo huu unaitwa mwaminifu, tuulize: mwaminifu kwa nani?

Kwanza, kwa sauti. Hapa tuwe wakweli, mtambo mzuri si uongo. Sote tunaijua ile spika iliyong'olewa kwenye redio mbovu ikatumbukizwa ndani ya chungu ili besi ipande. Inadunda kweli, mpaka madirisha yanatetemeka, lakini maneno ya mwimbaji yanamezwa na gita la pili halisikiki kabisa. Siku ukiusikia wimbo uleule kwenye mtambo wa haja, unashtuka. Kumbe kulikuwa na mtu anapiga gita la pili! Alikuwepo miaka yote, wewe ndiye hukuwa na njia ya kumfikia. Hapo fedha imenunua kitu cha kweli. Rahisi yavunja upishi, wahenga hawakukosea.

Lakini kila ukipanda, ngazi inakuwa ghali zaidi na vidato vinakuwa vifupi zaidi. Sikio la binadamu lina mpaka. Kijana mwenye afya husikia mitetemo inayofika kama 20,000 kwa sekunde, na uwezo huo hushuka kadiri umri unavyokwenda. (Angalieni maskhara ya dunia: fedha za kununulia mtambo huja wakati masikio yameshaanza kuaga.) Sidii ya kawaida, ambayo iliingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na kipimo hicho kinatosha kunasa mitetemo yote ambayo sikio linaweza kuipata.

Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Brad Meyer na David Moran, walichapisha matokeo ya mtihani wao. Waliwasikilizisha watu muziki kutoka diski zilizouzwa kuwa na ubora kuliko sidii, kisha muziki uleule ukiwa umepitishwa kwenye kipimo cha sidii, bila kuwaambia upi ni upi. Katika majaribio 554, walipatia mara 276. Ungerusha sarafu hewani ingefanya vilevile. Wako walioupinga mtihani ule, wakasema baadhi ya diski zenyewe hazikuwa na ubora uliotangazwa. Sawa. Ila hoja hiyo nayo inakiri kwamba watu walikuwa wakilipia kitu ambacho hakimo.

Pili, basi, tuuangalie uaminifu wa muuzaji. Kuna kampuni ya santuri huko Marekani inaitwa Mobile Fidelity, neno "uaminifu" limo ndani ya jina lake. Wapenzi wa haifai walinunua santuri zake, nyingine kwa dola zaidi ya 100 moja, wakiamini kwamba sauti ilitoka kwenye mkanda wa asili wa studio ikaenda moja kwa moja kwenye santuri, bila kupitia mashine za kidijitali. Mwezi Julai 2022 mwenye duka mmoja wa santuri alitoboa siri, na wahandisi wa kampuni wakakiri: hatua ya kidijitali ilikuwa ikitumika tangu mwaka 2011. Miaka yote hiyo watu wenye mitambo ya bei mbaya walikuwa wakizisifia santuri zile, eti ndio usafi wenyewe. Hakuna sikio lililogundua. Hata mtambo haukusema kitu.

Sasa fikiria. Sauti ya santuri zile haikubadilika siku siri ilipofichuka. Zilikuwa nzuri jana, zikawa nzuri leo. Kilichovunjika ni imani. Maana yake sehemu kubwa ya bei ilikuwa ya hadithi inayosimuliwa juu ya sauti, pamoja na fahari ya kuwa miongoni mwa wachache wanaojua. Fahari nayo ni bidhaa, mtu ana uhuru wa kuinunua. Ila asituambie kwamba amenunua muziki.

Tatu, na hapa ndipo pazito: uaminifu kwa watu. Katika jimbo la Virginia, Marekani, aliishi mzee aitwaye Ken Fritz. Kwa miongo kadhaa alijenga mtambo aliotaka uwe bora kuliko yote duniani. Hakuwa mtu wa kununua sifa dukani. Spika ndefu kupita kimo cha mtu alizijenga mwenyewe, chombo cha kuchezea santuri akakibuni mwenyewe, nyumba akaipanua ipate ukumbi wa muziki, na wanawe wakafanya kazi hiyo pamoja naye mwisho wa wiki. Gharama ilikadiriwa kufika dola milioni moja. Aligombana na mwanawe wa kiume na hawakupatana tena. Alifariki mwaka 2022. Vifaa vilipouzwa, vikaleta dola 156,800 tu.

Sitaki kumcheka marehemu. Mtu anayefanya jambo kwa mikono yake na kwa mapenzi ana heshima yake, hata kama jambo lenyewe sisi hatulielewi. Wala hasara ile ya fedha si hoja, kwani hakuna anayejenga ndoto ili aje aipige mnada. Hoja yangu ni kwamba mtambo ulioweza kumleta mpiga fidla wa mbali mpaka sebuleni haukuweza kumrudisha mtoto wa nyumba ileile. Hakuna ampli ya kazi hiyo.

Na wanamuziki je? Katika hizo euro 50,000 za hedifoni, mpiga gita la pili anapata ngapi? Hapati hata senti. Sisi wa huku tusijione wasafi. Tulikuwa na maduka ya kurekodia kaseti kila mtaa. Unapeleka kaseti tupu na orodha ya nyimbo, unarudi jioni kuchukua mzigo wako. Mwenye duka alilipwa, mwenye kuuza kaseti tupu alilipwa, aliyeuza spika alilipwa. Aliyeimba akaambulia kusikia jina lake likitajwa mitaani. Kumpenda mtu sauti yake ukamnyima ujira wake, huo ni uaminifu gani?

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Ukizisikiliza leo utasikia mkwaruzo, mvumo, sauti iliyobanwa kama inatoka nyuma ya mlango. Hakuna mtambo duniani, hata wa milioni, unaoweza kuitoa ndani ya santuri ile sauti ambayo vyombo vya wakati ule havikuinasa. Lakini yule mwanamke yumo. Anayetaka kumsikia anamsikia.

Basi mimi naweka kipimo changu mezani, nanyi mkikatae kwa hoja. Mtambo unafaa kadiri unavyokusogeza karibu na aliyepiga na aliyeimba. Jiulize baada ya kusikiliza: ninazungumzia nini? Kama unazungumzia wimbo, mtambo wako umefanya kazi, uwe wa shilingi elfu kumi au wa milioni kumi. Kama unazungumzia waya, mtambo umeacha kuwa dirisha umekuwa ukuta, na wewe unalipa ili ukuta unenepe. Na kabla hujapanda kidato kingine cha ngazi ile, uliza kiingilio cha bendi inayopiga Jumamosi ni kiasi gani. Pale gita la pili linapigwa mbele ya macho yako, na sehemu ya fedha yako inamfikia mwenyewe.

Nasema haya katika gazeti la waandishi kwa sababu ugonjwa huu na sisi tunao. Yuko mwenzetu asiyeanza hadithi yake mpaka apate kompyuta mpya, meza nzuri na chumba kisicho na kelele. Amekuwa mwaminifu kwa vifaa, na mhusika wake amekaa pembeni kama yule mpiga gita la pili, anasubiri kusikika.

Haifai si haramu. Lakini uaminifu, kwa maana ninayoijua mimi, ni wa mtu kwa mtu. Mwenye hoja nyingine kalamu anayo, na uwanja huu ni wetu sote.