Mpita Njia na Jina Analoliacha

Sanamu ya Gerald Portal imesimama katikati ya mji wa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, na mji wenyewe unaitwa kwa jina lake. Nilisimama mbele yake pamoja na mwanafunzi mwenzangu wa Kyambogo, mwenyeji wa huko, naye akaniambia jambo ambalo darasani sikulisikia: Portal hakuwahi kufika hapa. Alikuwa mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar. Aliondoka pwani mwanzoni mwa mwaka 1893, akafika Kampala mwezi Machi, akapandisha bendera ya nchi yake tarehe 1 Aprili, na miezi michache baadaye alikuwa njiani kurudi. Januari 1894 alifariki London akiwa na miaka 35. Ngome iliyojengwa Tooro iliitwa kwanza Fort Gerry, kisha Fort Portal.

Je, mtu ana haki gani ya kuacha jina lake mahali ambapo hakukanyaga? Nilikuwa na jibu tayari: hana. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ilipoagiza majina ya wakoloni yaondolewe katika barabara za Kampala, mimi nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Lakini siku ile tulitembea kwa miguu kutwa nzima, na miguu ilinivurugia hoja yangu.

Tulipita barabara ya Lugard. Nikamwambia mwenzangu kwamba hili ndilo jina la kuanza nalo kulifuta. Akanikumbusha kwamba ni Lugard aliyemrudisha Kasagama Tooro mwaka 1891, baada ya Kabalega wa Bunyoro kuivamia nchi hiyo. Bila Lugard, huenda pasingekuwa na ikulu ya Karuzika tuliyokuwa tunaipandia, wala mtaa wa Rukidi III, jina la mwana wa Kasagama, tulioutoka muda mfupi kabla. Halafu akaniuliza, “Mimi nimezaliwa Fort Portal. Ukilifuta jina, nitakuwa nimezaliwa wapi?” Nikasema, Kabarole, jina la wenyeji. Akacheka. “Kabarole ni wilaya. Hati yangu ya kuzaliwa utaiandika upya wewe?” Sikuwa na jibu, na bado sina linaloniridhisha.

Juu ya kilima cha Karuzika tulitazama upande wa milima ya Rwenzori, ambayo siku hiyo ilikuwa imejifunika mawingu. Pale nilijaribu hoja nyingine: labda anayefika kwa miguu yake anastahili kutoa jina. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, alifika kileleni akiwa na waongozaji kutoka Courmayeur, mji wa Italia ulio katika milima ya Alps. Alifika kweli, hilo halibishaniwi. Kilele hicho cha mita 5,109 akakiita Margherita, jina la malkia ambaye hakuwahi kuuona mlima huu. Mizigo ya msafara ilibebwa na wapagazi, Wakonzo wakiwamo, ambao kwao theluji ile ni makao ya Kitasamba. Leo ukisoma ramani utawakuta Stanley, Speke, Baker, Emin na Gessi. Mpagazi humkuti hata mmoja. Basi na miguu nayo haitoshi, maana waliobeba walikuwa na miguu pia.

Jioni tulifika kwa bibi yake mwenzangu. Baada ya salamu za kwanza akaniuliza, “Empaako yaawe?” Kwa Watooro, mbali na jina la ukoo na la dini, kila mtu ana empaako, jina la heshima na mapenzi linalotumiwa katika kusalimiana: Amooti, Akiiki, Adyeri, Ateenyi, na mengine machache. Bila hilo salamu inabaki nusu. Mwaka 2013 UNESCO iliuweka utamaduni huu katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nilikuwa nimeyasoma hayo yote kabla ya safari, nikajibu kwa furaha ya mtalii kwamba sina, anipe lolote. (Naona aibu kuliandika neno hilo “lolote”.)

Bibi hakunipa. Alisema nile kwanza. Tukala ugali wa wimbi, akaniuliza wazazi wangu ni nani, wanaishi wapi, nani mgonjwa nyumbani, nani amekufa. Tulipokuwa tunaaga asubuhi ndipo akanishika mkono na kuniita Abwoli. Mwenzangu akanifasiria maneno yaliyofuata: sasa nikipita mji huu bila kuja kusalimu, bibi atakuwa na haki ya kuuliza Abwoli amepotelea wapi.

Ndani ya basi, kwa saa nyingi za kurudi Kampala, nililinganisha. Portal aliupa mji jina bila kudaiwa kitu. Hakuna aliyeweza kumuuliza mbona haji. Mimi nilipita, na mji ndio ulionipa jina, pamoja na deni lake. Nadhani hapo ndipo ninapoweza kusema lipi ni halali: jina ambalo aliyelitoa na aliyelipokea wanaweza kudaiana. Kuhusu hati ya mwenzangu, kipimo hiki hakinisaidii. Huenda watu wa mji wameshamgeuza Portal kuwa wao bila kumwomba ruhusa, na hilo nalo ni haki yao.

Wiki iliyopita mwenzangu aliniita kutoka ng'ambo ya uwanja wa Kyambogo, mbele ya watu: “Abwoli!” Bibi ni mgonjwa, na Ijumaa anakwenda. Nimeshakata tiketi.