Ua la Mateso katika Chungu

Wakatekumeni wapenzi,

Mti wa marakuja mwaujua: hutambaa na kupanda juu ya miti mingine. Mjini, watu wasio na shamba huupanda katika chungu na kuuweka kwenye roshani, yaani kibaraza cha juu cha nyumba ya ghorofa, wakiusimikia fito.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wamisionari walipoliona ua lake, walikumbuka Mateso ya Bwana wetu; na mwanzoni mwa karne ya 17 Giacomo Bosio aliandika habari zake huko Roma. Litazameni vema. Nyuzi zilizozunguka ni mfano wa taji la miiba. Vichwa 3 vya juu ni misumari. Vile 5 vyenye vumbi la chavua ni madonda matano. Vitawi vilivyojipinda vikishika fito ni mijeledi.

Lakini ua hilo halipatikani bila matunzo. Mti wa shambani hupeleka mizizi mbali kutafuta maji. Mti wa chunguni hauwezi. Hauna kisima kingine ila mkono wa mwenyewe. Je, aliyeusahau juma zima aumwagie ndoo nzima siku ya Dominika? La, hasha! Mizizi ikikaa majini huoza. Auguse udongo kwa kidole kila siku. Ukikauka juu, atie maji mpaka yatoke katika matundu ya chini. Tena asizidishe samadi, mti usije ukajaa majani na kukosa maua. Na kwa wakati wake akate matawi ya zamani, maana maua hutoka katika machipukizi mapya. Asiyejua atasema: «Anauharibu!» Kumbe, anautunza.

Ndugu, imani yenu ingali changa, na mizizi yake ni mifupi. Wako wanaokuja na bidii kubwa siku ya sikukuu, kisha hawasali miezi mizima. Imani ya namna hiyo leo yazama, kesho yafa kwa kiu. Wengine wamejaa maneno ya katekisimu midomoni, kama majani mengi; lakini jirani aliyewakosea hawajamsamehe. Ua liko wapi? Tena Mungu akitaka kukata ndani yako tawi la zamani, ulevi au kisasi, usimzuie mkono. Yeye hakati ili aue.

Jueni na neno hili la mwisho. Ua la marakuja hufunguka siku moja tu. Likipata chavua, hunyauka na kuliachia tunda nafasi. Siku ya Ubatizo nayo ni moja. Matunzo ni ya kila siku, kabla yake na baada yake. Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, pigeni magoti, msali sala fupi kwa moyo wote. Na kesho tena. Yezu Kristu, aliyeteswa kwa ajili yetu, awanyweshe neema yake. Amina.