Jina la Mahali ni Amana

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu ni wa kweli gengeni, ambako mnunuzi hulishika embe, akalinusa na kulibonyeza kabla ya kutoa fedha yake. Lakini chupa iliyofungwa haijiuzi wala haijitembezi. Kinachosema kwa niaba yake ni lebo, na katika lebo jina la mahali lina nguvu ya pekee. Katika insha hii tunakusudia kuuliza: jina la mahali ni mali ya nani, na yule anayeliandika juu ya bidhaa yake ana deni gani? Tumechagua mfano wa wiski. Hatukusudii kuusifu ulevi, ambao madhara yake tunayafahamu. Tumeuchagua kwa sababu katika kinywaji hiki sheria zimejaribu kulijibu swali letu kwa vipimo na hesabu.

Tuanze na Uskoti. Kwa kanuni za mwaka 2009, wiski haiwezi kuitwa ya Uskoti ila iwe imekenekwa nchini humo, yaani kileo kimechemshwa na mvuke wake kukusanywa. Kisha ikae humo humo katika mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Majina ya sehemu tano, yaani Highland, Lowland, Speyside, Campbeltown na Islay, yamehifadhiwa kwa wiski zilizokenekwa huko tu. Hata hivyo, sheria haidai kwamba shayiri yenyewe iwe imelimwa Uskoti. Kwa maoni ya sheria hiyo, mahali ni kazi inayofanyika pale na muda unaopita pale.

Jimbo la Missouri, Marekani, lilifikiri vingine. Sheria yake ya mwaka 2019 ilitaka Bourbon yenye jina la jimbo hilo ikenekwe, ikomazwe na kutiwa chupani humo humo, katika mapipa yaliyoundwa humo, na kwa mahindi yaliyolimwa humo. Hapa mahali ni ardhi na mkulima wake pia. Jimbo la Tennessee nalo, kwa sheria ya mwaka 2013, liliongeza sharti la njia: wiski ichujwe kwa makaa ya mti wa mepo kabla ya kutiwa katika mapipa. Njia hiyo huitwa kwa jina la wilaya ya Lincoln. Lakini kiwanda kidogo kilichokuwako katika wilaya hiyo, huko Kelso, hakikuwa kikiifuata, na ilibidi sheria ikiondolee sharti hilo. Hivyo jina la wilaya lilikuwa limekwisha kuwa jina la desturi ya viwanda vikubwa vya mahali pengine.

Jambo hili latufundisha kwamba kuweka kipimo si kitendo kisicho na upande. Pasipo kipimo, jina huwa ganda tupu ambalo kila mwenye fedha aweza kulivaa. Lakini kipimo kikifuata desturi ya mwenye nguvu peke yake, mnyonge hugeuzwa mgeni katika kijiji alichozaliwa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama sheria ipo. Yatupasa pia kuuliza ni nani walioitwa barazani ilipotungwa.

Wala tusidhani kwamba udogo ni ushahidi wa uaminifu. Huko Marekani, neno linalotumika kudai kwamba kinywaji ni kazi ya fundi mdogo halijapewa maana na sheria za lebo za taifa. Baadhi ya wauzaji wamenunua wiski katika kiwanda kikubwa cha Lawrenceburg, jimbo la Indiana, kisha wakaiuza kwa masimulizi ya kijiji kingine. Mwaka 2014 wauzaji wa Templeton Rye, waliojinasibisha na mji mdogo wa Iowa, walishitakiwa kwa sababu hiyo, na mwaka 2015 kesi ikamalizwa kwa mapatano. Kanuni za Marekani zinataka jimbo ilikokenekwa wiski litajwe, iwapo si lile lililoandikwa katika anwani. Kununua kwa jirani si dhambi. Dhambi ni kumnyamazia jirani huyo jina lake.

Na kuna ukimya mkubwa zaidi. Mtu aliyemfundisha Jack Daniel kukeneka wiski katika karne ya 19 alikuwa Nathan Green, aliyeitwa Nearest, Mwafrika aliyekuwa mtumwa huko Tennessee. Jina la mwanafunzi lilienea duniani. La mwalimu lilibaki midomoni mwa watu wa kwao, hata mwaka 2016, kampuni ilipotimiza miaka 150, ndipo ikaanza kulitangaza kwa upana. Sheria ya Tennessee inataja makaa, mapipa na mahindi. Haina kifungu cha kumtaja aliyefundisha. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Swali hili linatugusa na sisi. Neno letu konyagi limetokana na Cognac, mji wa Ufaransa ambao jina lake limelindwa na sheria za huko tangu mwanzo wa karne ya 20. Lugha ilikwisha kulimeza neno hilo, na leo kwetu ni jina la kinywaji cha nyumbani ambacho hakuna anayekidhania kuwa cha Kifaransa. Pasipo mtu kudanganywa, hatuoni kosa. Lakini gongo halina lebo kabisa. Sheria ya mwaka 1966 iliuweka utengenezaji wake chini ya leseni, na mpishi asiye na leseni hulificha jina lake. Kikombe kikiua, hapatikani wa kuulizwa. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2010, iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya ubora na lebo. Shabaha ilikuwa njema, ila masharti ambayo mwenye kiwanda tu aweza kuyatimiza humwacha mama mpishi gizani alimokuwa.

Kwa maoni yetu, lebo ya haki hujibu maswali matatu: kimetengenezwa wapi, kwa kitu gani, na kwa mikono ya nani. Mawili ya kwanza sheria yaweza kuyapima, maana pipa huhesabiwa lita zake na miaka yake. La tatu hutegemea zaidi dhamiri ya mwenye bidhaa. Jina la mahali lilijengwa na wengi, wengine wao wasiolipwa, na aliyelikuta amekabidhiwa amana. Mwenye kukabidhiwa amana hana budi kuwataja wenyewe.