Amana Mbele ya Hakimu

Hukumu nyingi za talaka katika mahakama za Tanzania hufuata mpangilio mmoja. Hakimu anajiuliza kwanza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Akishajibu hilo anahamia kwenye mali waliyochuma wawili hao na namna ya kuigawa. Mwishoni ndipo anapofikia watoto, nani akae nao na nani atoe matunzo. Hakuna aliyekusudia ubaya katika mpangilio huo, lakini ujirani wa mali na watoto ndani yake una madhara. Mtu aliyetoka kubishania nyumba ya Kimara na kiwanja cha Kibaha huingia kwenye hoja ya watoto na maneno yale yale mdomoni: changu, chake, nusu yangu, mimi ndiye niliyegharamia. Mtoto anageuka kifungu cha mwisho cha mgawanyo. Hoja yangu ni kwamba mzazi hana mtoto kama anavyokuwa na kiwanja. Anaye kama mtu aliyewekewa amana, na wazo hilo, ambalo dini zetu na hata sheria zetu zinalo tayari, likibebwa kwa uzito wake wote linabadili swali analopaswa kujibu kila mzazi anaposimama mahakamani.

Neno amana tumelizoea mno. Husikika kwenye hotuba za harusi na kwenye mawaidha ya Ijumaa, likaishia kuwa pambo. Al-Ghazali, aliyeandika katika Ihya Ulum al-Din kwamba mtoto ni amana kwa wazazi wake, alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa Sufi, na katika fiqhi amana ina masharti makali. Aliyewekewa haruhusiwi kuitumia kwa faida yake mwenyewe. Hawezi kuizuia ili kufidia deni analomdai mtu mwingine. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inamtaka arudishe amana, na asimfanyie hiana hata yule aliyemfanyia hiana. Sasa tazama ugomvi wa kila siku. Baba ameacha kutuma matunzo, basi mama anawazuia watoto wasimwone. Mama amewazuia watoto, basi baba haoni sababu ya kutuma matunzo. Kila mmoja ana lawama ya kweli dhidi ya mwenzake, na kila mmoja analipiza kwa fedha isiyo yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaziweka haki hizo mikononi mwa mtoto mwenyewe: matunzo ni yake, na kumtembelea mzazi anayeishi mbali naye ni haki yake pia. Deni la mtu mzima haliwezi kufutwa kwa kumnyang'anya mtu wa tatu ambaye hakukopa.

Wapo watakaosema kwamba hii lugha ya maslahi ya mtoto imeletwa na mikataba, ule wa Umoja wa Mataifa wa 1989 na ule wa Afrika wa 1990, na kwamba Mwislamu anayo hukumu yake ya hadhana, yaani malezi ya mtoto, isiyohitaji nyongeza. Pingamizi hili linastahili kujibiwa kutoka ndani ya hadhana yenyewe. Mwaka wa 7 Hijria, Waislamu walipokuwa wakiondoka Makka baada ya Umra, binti wa Hamza, aliyekuwa amefiwa na baba yake katika vita vya Uhud, aliwafuata, na watu watatu wakamgombea. Ali alisema ni binti wa ami yake. Zaid bin Haritha alisema ni binti wa ndugu yake, kwa udugu waliofungishwa yeye na Hamza. Jaafar naye alisema ni binti wa ami yake, tena mkewe ni ndugu wa mama wa msichana. Hoja mbili za kwanza zinahusu nasaba na heshima ya wanaodai. Katika hoja ya tatu peke yake ndimo alimokuwamo mtu ambaye mtoto angempata badala ya mama. Mtume (s.a.w.) aliamua kwa hoja hiyo, akieleza kuwa ndugu wa kike wa mama ana daraja ya mama.

Kisa hicho kinagusa pia suala linaloumiza wanawake wengi wa pwani, la mama kupoteza hadhana akiolewa tena. Hadithi ipo: mwanamke aliyelalamika kwamba aliyemtaliki anataka kumchukua mwanawe aliambiwa yeye ana haki zaidi maadamu hajaolewa. Lakini mke wa Jaafar alikuwa ameolewa. Wanavyuoni wa Kishafii waliliona jambo hilo, wakasema Jaafar alikuwa jamaa wa msichana, na mume aliye jamaa mwenye nafasi katika malezi ya mtoto haondoi hadhana akiridhia; anayeiondoa ni mume wa nje. Maelezo hayo yana maana tu ikiwa kanuni iliwekwa kwa kuhofia jinsi mtoto atakavyotendewa katika nyumba mpya. Kama ingekuwa adhabu kwa mama kwa kuolewa, ujamaa wa mume usingesaidia kitu. Na umri nao? Wahanafi kwa kawaida humwachia mama mvulana hadi miaka saba, Wamaliki hadi abaleghe, Washafii humpa mtoto hiari akifikia kupambanua mambo. Tofauti pana kiasi hicho miongoni mwa watu wanaosoma Kitabu kimoja inaonyesha walikuwa wakikisia, kwa ijtihadi, mtoto anamhitaji nani na mpaka lini.

Kuhusu mila sina mengi. Zipo jamii ambazo mahari iliyolipwa huwafanya watoto kuwa wa ukoo wa baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, haikuzifuta mila. Inamwagiza hakimu azizingatie, ila baada ya ustawi wa mtoto na chini yake. Ukoo unaotaka kumlea mjukuu una mengi ya kumpa, mradi ufike mahakamani kueleza utakayompa, bila kuhesabu ng'ombe waliotolewa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanasheria. Robert Mnookin, mwaka 1975, aliandika kwamba kipimo cha maslahi ya mtoto hakina jibu bayana, kwa sababu kinamtaka hakimu atabiri maisha mawili ambayo bado hayajatokea kisha achague yaliyo bora, na hakuna kitabu kinachomwambia bora ni yapi: shule ya bei au bibi mwenye mapenzi, dini au starehe. Kwa hiyo, anasema, hakimu hukijaza kipimo hicho kwa mawazo yake mwenyewe. Ni kweli, na anayesoma hukumu zetu ataona mama akipimwa kwa mavazi yake na baba kwa mshahara wake. Hapa ndipo wazo la amana linapofanya kazi ambayo neno maslahi peke yake haliwezi. Aliyewekewa amana haulizwi atafanya nini, huulizwa alifanya nini. Nani alimpeleka kliniki? Mwalimu wa darasa ana namba ya simu ya nani? Mtoto alipougua usiku, nani aliamka? Maswali haya yana majibu, na afisa ustawi wa jamii anaweza kuyapata kwa majirani kabla hajaandika taarifa yake. Yanapunguza utabiri, ingawa hayaumalizi.

Yana hatari yake pia, na si ndogo: yanaweza kumpa ushindi aliyemshikilia mtoto. Kifungu kile kile cha 125 kinaweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni bora akae na mama, kisha kinaonya dhidi ya kumvurugia mtoto maisha kwa kumhamisha hamisha. Onyo hilo ni la busara, lakini mawakili wamejifunza kulitumia: mchukue mtoto kwanza, mpeleke kwa bibi Moshi au Tanga, acha shauri liahirishwe, na baada ya miaka miwili mwambie hakimu kwamba mtoto ameshazoea. Kanuni iliyowekwa kulinda utulivu inamzawadia aliyeuvunja. Aliyepora amana hawezi kutumia muda aliokaa nayo kama ushahidi wa uaminifu wake, na hakimu anayeruhusu hoja hiyo anawafundisha wazazi wa mashauri yajayo wawahi kunyakua.

Je, si rahisi zaidi kumwuliza mtoto? Sheria yetu inataka asikilizwe, na Washafii walikuwa wakimpa hiari karne nyingi kabla ya mkataba wowote. Ila kusikiliza na kumfanya mtoto awe hakimu wa wazazi wake ni mambo mawili. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus wa karne ya 14, alimsikia mwalimu wake Ibn Taymiyya akisimulia kisa cha mvulana aliyemchagua baba mbele ya kadhi. Mama akaomba aulizwe sababu. Mvulana akasema mama humpeleka chuoni kila siku na mwalimu humchapa, baba humwacha acheze na wenzake. Kadhi akampa mama. Mtoto alisikilizwa vizuri sana hapo, pengine kuliko angepewa tu alichotaja, maana jibu lake lilitoa ushahidi juu ya kila nyumba. (La mwalimu mwenye fimbo nalo lingefaa kuchunguzwa, lakini kisa hakisemi.)

Inabaki hali moja ambayo amana haiitatui: wazazi wawili waliotunza vizuri, wanaopendwa na mtoto, wanaoishi miji tofauti. Jon Elster, katika kitabu chake cha 1989 kuhusu maamuzi ya namna hii, alithubutu kuuliza kama kurusha sarafu kusingekuwa bora kuliko kesi ndefu, kwa kuwa utafutaji wa jibu sahihi wenyewe humuumiza mtoto kuliko kosa dogo la uamuzi. Sarafu siikubali, mzazi anastahili kujua sababu iliyomshinda, na aliyeshindwa anapaswa kuambiwa wazi kwamba hakukutwa na hatia yoyote. Lakini kuhusu muda Elster ana haki. Kwa mtoto wa miaka mitatu, mwaka mmoja wa maahirisho ni theluthi ya umri wake wote. Shauri la wazazi wa namna hiyo likiamuliwa ndani ya miezi mitatu, hata kwa sababu nyembamba kama ukaribu wa shule, mtoto atakuwa amepata zaidi ya atakachopewa na hukumu iliyochambuliwa vizuri mwaka wa nne, wakati mtoto mdogo aliyefunguliwa shauri hilo ameshakua.